Mungu Hatakuendeshea Baiskeli



Leo nina ungamo, na nina jambo ambalo najua baadhi yenu hamtalipenda. Nawaomba msome hadi mwisho kabla ya kunipigia simu.

Jumapili iliyopita nilitangaza kwamba safari yetu ya baiskeli ya kuchangia karo, kutoka hapa Kangemi hadi Nakuru, ina sharti jipya mwaka huu. Yeyote ambaye hatakuwa amemaliza kilomita 80 za mazoezi kwa siku moja hatapanda baiskeli siku ya safari. Atapewa kazi nyingine. Sharti hili halimwangalii mzee wa kanisa, wala shemasi, wala mchungaji.

Baada ya ibada, ndugu mmoja ninayemheshimu sana alinivuta kando akaniambia, "Mchungaji, siku hizi unahubiri nguvu za miguu badala ya nguvu za Roho." Sikumjibu pale. Namjibu hapa kwa upendo, kwa sababu najua hayuko peke yake.

Ndugu yangu, nilishajaribu njia unayoitaka. Wacha nikuambie ilinifikisha wapi.

Mara ya mwisho tulipofanya safari hii, watu waliniahidi pesa kwa kila kilomita nitakayoendesha. Wengine shilingi 10, wengine 50, na mfanyabiashara mmoja ambaye hata si wa kanisa letu akaahidi 200. Nikasimama mbele yenu nikasema Mungu atanipa miguu ya swara. Mkapiga makofi, mkasema Amina. Wakati huo baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukuta wa stoo tangu Krismasi, matairi hayana upepo. Mazoezi yangu yote yalikuwa kwenda dukani mara mbili. Badala ya mazoezi nilifunga siku tatu mfululizo, nikafungua usiku wa kuamkia safari kwa kikombe cha uji na kipande cha mkate. Nilijiona niko tayari kuliko wote.

Barabara hiyo mnaijua mkiwa ndani ya matatu. Kwa baiskeli ni barabara nyingine kabisa. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Limuru iko zaidi ya mita 2,200. Ndani ya gari huoni tofauti ila baridi inayoongezeka. Kwenye baiskeli kila mita unailipia wewe. Kabla hatujafika Kikuyu nilikuwa nimeshashuka, nasukuma. Tulipofika kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu nilifurahi, nikidhani mateso yamekwisha. Kumbe kushuka nako kunataka mikono iliyozoea. Vidole viliniuma kwa kushika breki, malori yananipita karibu hata upepo wake unanisukuma. Kisha ukaja uwanda ule mrefu, Mlima Longonot ukiwa upande wa kushoto, upepo unakuja usoni. Niliingia Naivasha giza likiwa limeshaingia, wenzangu wameshaoga na kula. Chakula kilinishinda.

Siku ya pili nilifika Gilgil nikitetemeka mikono. Jasho la baridi lilinitoka na jua linawaka. Kijana mmoja aliniuliza jina langu nikachelewa kujibu. Baadhi yenu mlianza kukemea, mkisema ni shambulio la adui. Wapendwa, haikuwa shambulio. Ilikuwa njaa. Mwili una akiba yake ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na ukifanya kazi ngumu akiba hiyo haidumu zaidi ya saa moja na nusu au mbili bila kuongezewa chakula. Mimi nilikuwa nimeimaliza yangu kwa kufunga, na sikuirudisha. Wakanipakia kwenye gari. Zilikuwa zimebaki kama kilomita 40.

Sasa sikilizeni hesabu, kwa sababu hapa ndipo uchungu ulipo.

Ahadi za kilomita 150 zikageuka ahadi za kilomita 110. Wengine kwa wema wao walilipa zote. Yule mfanyabiashara alilipa 22,000 badala ya 30,000, na alikuwa na haki, maana ndivyo tulivyokubaliana. Tulikuwa tumeahidi karo kwa watoto 14. Tulilipia 13. Mtoto wa 14, msichana wa kidato cha tatu, alikaa nyumbani wiki tatu mpaka tukachanga upya. Mama yake alikuja ofisini kwangu. Hakunilaumu. Alinishukuru kwa kujaribu. Wapendwa, afadhali angenilaumu.

Na kuna la pili ambalo sikuwahi kulisema hadharani. Gari lililonibeba lilikuwa moja tu, na kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya waendeshaji wa mwisho, likiwakinga na malori. Liliponikimbiza kutafuta maji na chakula, vijana wetu wanne waliachwa barabarani kwa muda wa saa nzima bila kinga yoyote. Mungu aliwalinda. Lakini mimi ndiye niliyewaweka pale.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mazoezi ni ukosefu wa imani, namjibu kwamba nilichofanya mimi hakikuwa imani. Ilikuwa uvivu uliovaa kanzu ya imani, na bili yake alilipa mtoto wa mtu mwingine.

Fungua 1 Wafalme sura ya 19 umwangalie Eliya. Amechoka, amelala chini ya mti, ameomba hata afe. Mungu anamtuma malaika. Malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala tena, kwa sababu iliyokuwa mbele yake ilikuwa safari ndefu. Mungu yule yule aliyeshusha moto pale Karmeli ndiye aliyempikia nabii wake na kumwacha alale kwanza. Kama Mungu mwenyewe anahesabu chakula na usingizi kuwa sehemu ya safari, mimi na wewe ni nani tuvidharau?

Naye Bwana wetu, alipopelekwa juu ya hekalu akaambiwa ajitupe kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa. Kumjaribu Mungu si kumwamini. Namkumbusha ndugu yangu mwenye baiskeli ile nyeusi ambayo breki ya nyuma ni kisigino chake: usishuke Mai Mahiu hivyo kwa jina la Yesu. Mpelekee fundi.

Basi mazoezi yenyewe ni nini? Si mambo ya wazungu wenye baiskeli za bei ya gari. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alijifunza kazi hii akiwa kijana kwa David Kinjah, hapo Kikuyu kwa majirani zetu. Baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Milima aliyoanza nayo ndiyo hii tunayoilalamikia sisi. Na hata neno boda boda lilianza na baiskeli, kule Busia, watu wakibebwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baba zetu walibeba maziwa, makaa na wagonjwa kwa baiskeli nzito zisizo na gia. Hawakuita mazoezi. Lakini walipanda kila siku, na hiyo ndiyo siri yote.

Tuna wiki 12. Mpango wetu ni mwepisi. Siku mbili katikati ya wiki, saa moja tu kila siku. Unayeweza, nenda kazini kwa baiskeli. Jumamosi tunaenda pamoja, mwendo mrefu. Tunaanza na Kikuyu na kurudi. Kila wiki tunaongeza kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya wiki iliyopita, kwa sababu magoti hayajui kwamba una haraka. Kila wiki ya nne tunapunguza, mwili ujijenge. Kufikia wiki ya tisa tunataka kupanda Limuru bila kushuka kusukuma. Na kwa kuwa safari ni siku mbili, mara mbili tutaendesha Ijumaa jioni na tena Jumamosi asubuhi, ili mwili ujifunze kuamka na miguu iliyochoka na bado uende. Wiki ya mwisho ni kupumzika.

Kunywa maji kabla ya kiu, kama nusu lita kila saa. Kula kabla ya njaa: ndizi, nduma, kiazi kitamu. Weka hivyo mfukoni, usisubiri tusimame. Kiti cha baiskeli kiwe juu kiasi kwamba kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unanyooka. Wengi wenu mnaendesha kiti kikiwa chini kama cha mtoto, ndiyo maana magoti yanalia. Helmeti na nguo inayong'aa si hiari. Jifunze kuziba pancha mwenyewe. Na kama umepita miaka 40, au una presha au sukari, pita kwa daktari kwanza ukapimwe. Mimi nimeshapimwa.

Kuhusu kufunga: sijawakataza. Tutafunga na kuomba mwanzoni, kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi, tukiwaombea watoto hawa kwa majina. Lakini hakuna atakayefunga wiki ya safari. Na aliyekesha katika kesha la Ijumaa asije na baiskeli Jumamosi. Aje mwingine, yeye alale. Eliya alilala.

Najua kuna swali lingine, na ni la haki. Dada mmoja aliniuliza, "Mchungaji, kwa nini msitoe tu hizo pesa mkabaki nyumbani?" Swali zuri. Kama unaweza kutoa karo yote leo, toa, usingoje baiskeli. Lakini wengi wetu hatuna pesa hizo. Tulicho nacho ni majirani, wafanyakazi wenzetu, na jamaa walio mbali, ambao hawatatuma pesa kwa sababu mchungaji ametangaza, ila watatuma wakimwona mtu wanayemjua akiamka alfajiri wiki baada ya wiki kwa ajili ya mtoto asiye wake. Hapo ndipo mazoezi yanapohubiri. Mfanyabiashara wako wa duka akikuona Jumamosi ya tano, umelowa mvua, bado unapanda, hatakuuliza kama una nia. Na ili dada yangu awe na amani: chakula, spea na mafuta ya gari la safari tutajilipia wenyewe waendeshaji. Hakuna shilingi ya karo itakayonunua ndizi.

Kwa hiyo mimi naamini hivi: sadaka ya safari hii haitolewi Nakuru, watu wakipiga picha. Inatolewa katika asubuhi hizi ambazo hakuna anayekupigia makofi. Anayekuja siku ya safari bila kujiandaa hajaleta sadaka, ameleta mzigo, na wengine watalazimika kumbeba.

Na wewe mama wa zamu za usiku, mzee mwenye mgongo, kijana usiye na baiskeli, usijione umefungiwa nje. Tunahitaji dereva wa gari la pili. Safari hii yatakuwa mawili. Tunahitaji watakaopika uji Limuru asubuhi, watakaopigia simu walioahidi, watakaoshika daftari la pesa. Mchango wa anayekoroga uji si mdogo kuliko wa anayepiga pedali. Nisingeanguka Gilgil kama ningemheshimu aliyenipikia.

Namalizia na ungamo la pili. Sharti la kilomita 80 mimi mwenyewe sijalitimiza. Nina miaka 53. Jumamosi iliyopita niliishia kilomita 35, nikarudi nyumbani nikalala na viatu. Huenda siku ya safari nikawa Limuru na kijiko cha uji mkononi, na nikifika hapo nitakoroga kwa furaha. Lakini nitajaribu, kwa sababu yule msichana sasa yuko kidato cha nne, na mdogo wake anaingia sekondari, na jina lake liko kwenye orodha.

Ndugu yangu uliyenivuta kando, nakualika. Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, langoni, kukiwa kumepambazuka. Utaomba tukianza, kisha upande nyuma yangu. Tukifika Kikuyu uniambie kama Roho hakuwa nasi mlimani.

Kama utakuja, andika "Nipo" hapa chini, useme kama unakuja na baiskeli au na sufuria.

Mbarikiwe.