Risala za Mitambo na Anwani ya Mtu wa Mtongwe

Mfanyabiashara wa Likoni, Kisauni au Changamwe atakaye duka lake lijulikane katika intaneti kwa jina lenye kumalizikia .ke, humwendea wakala wa usajili, akajaza fomu, akatoa ada, kisha akangoja. Na katika kungoja huko hupita risala nyingi baina ya mtambo wa wakala na mtambo wa KeNIC, yenye kutunza daftari la majina ya Kenya, risala ambazo mteja hazioni wala hapewi habari zake, ilhali ndizo zinazoamua kama jina litakuwa lake au halitakuwa. Wengi hudhani kuwa sura ya risala hizo ni shughuli ya mafundi peke yao. Mimi nina yakini kuwa ndani yake mna haki ya raia.

Jina la .ke lilipokabidhiwa Kenya mwaka 1993, Dakta Shem Ochuodho akiwa msimamizi na Randy Bush wa Marekani akishika upande wa ufundi, majina yaliyosajiliwa yalikuwa machache. Yalipokithiri ulimwenguni, na mawakala nao wakawa wengi, ilidhihiri kwamba kila mtunza daftari akibuni ibara zake mwenyewe, wakala atalazimika kujifunza upya kila mlango abishao. Ndipo mhandisi Scott Hollenbeck wa VeriSign alipoiandika itifaki ya EPP, ambayo IETF, shirika litungalo kanuni za intaneti, lilitoa mwaka 2004, na sura yake itumikayo hata leo ikatoka mwaka 2009. Amri zake ni chache: kuuliza kama jina li wazi, kusajili, kuhuisha, kuhamisha, kufuta, na nyinginezo kidogo, na kila jibu lina namba yake isiyobadilika. Namba 1000 maana yake amri imetimia. 2302, kinachoombwa kimekwisha sajiliwa. 2104, malipo yameshindikana.

Sisi wa Changamwe hatuna haja ya kuhadithiwa faida ya maafikiano ya namna hii, kwani kontena lishushwalo Kipevu, liwe limetoka Mumbai au Rotterdam, hunyanyuliwa kwa winchi zile zile kwa sababu mataifa yaliafikiana juu ya vipimo na pembe zake, bila ya kuulizana ndani mna nini. Hivyo ndivyo ilivyo risala iliyo sahihi.

Lakini maafikiano yakishikwa nusu, faida nayo huwa nusu. Jirani zetu wa Tanzania, walinzi wa .tz, hutumia programu ya FRED iliyotungwa na CZ.NIC ya Ucheki, programu njema bila ya shaka, ila seva za majina huzifunga katika mafungu ya peke yake ambayo EPP ya asili haiyajui. Basi kijana wa Kisauni aliyekwisha kuandika programu ya kuzungumza kwa sura ya asili, akitaka kuwahudumia na wateja wa Tanga, hana budi kurudi kuandika sehemu nzima upya. Kampuni kubwa za ng'ambo zina mafundi wa kazi hiyo. Yeye yu peke yake, na gharama ile humwangukia mteja.

Jambo linaloniuma zaidi ni la fomu. Itifaki, katika sehemu ihusuyo watu, imeweka nafasi moja tu ya jina, na mtu aweza kuandika humo jina lake, la babake na la babu yake kama ilivyo ada ya pwani. Humtaka ataje mji na nchi, lakini mtaa, jimbo na namba ya posta ni hiari. Mtu wa Mtongwe ambaye nyumba yake haina namba wala njia yake haina jina, amekwisha kufikiriwa humo. Wala si itifaki imkataayo, bali ni fomu za mawakala, zilizonakiliwa kutoka nchi nyingine, zimlazimishazo kukata jina lake vipande viwili na kubuni mtaa asiokaa. Simu nayo hutakiwa iandikwe +254, kisha nukta, kisha tarakimu. Fomu isiyoigeuza ile sifuri ya mwanzo kuwa hivyo huletewa jibu la namba 2005, la kosa la uandishi, na mteja akaambiwa tu kwamba ombi limekataliwa, akarudi nyumbani akidhani kuwa ametenda kosa.

Na hapa pana mlango ulioachwa wazi ambao hatujauingia. EPP imeruhusu kila jibu, juu ya namba yake, lifuatane na maneno ya kusomwa na binadamu, na mtambo wa daftari hutangaza tangu salamu ya kwanza ni lugha zipi uzijuazo, ili wakala achague. Kiingereza ni chaguo la asili, si sharti. Namba za majibu katika itifaki hiyo hazifiki 40, na Katiba ya mwaka 2010 imekiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi sioni udhuru wowote wa kutokuwapo kwa Kiswahili katika salamu hiyo.

Nawaomba KeNIC na walinzi wa .tz wakae pamoja, watunge matini moja ya majibu hayo kwa Kiswahili fasihi itumike pande zote mbili za mpaka wa Vanga, na KeNIC iwataarifu mawakala wake kuwa wasidai katika fomu kile ambacho itifaki haikidai. Muda wenyewe ni huu, kwa kuwa katika IETF wahandisi wamekwisha anza kuitunga itifaki ya kizazi kipya, itumiayo maandishi ya JSON, na orodha yao ya mijadala i wazi kwa kila mwenye barua pepe, awe wa California au wa Mishomoroni.