MIZANI ISIWE YA MNUNUZI PEKE YAKE



Mtu akikuibia usiku utapiga kelele, na majirani watatoka na fimbo. Lakini mtu akikuibia mchana, mbele ya macho yako, kwa mizani iliyosimama wazi, nawe ukapokea franga zake na kumshukuru, nani atatoka kukusaidia? Wizi wa namna hii hauna kelele. Ndiyo sababu umekaa muda mrefu katika nchi yetu ya shaba, na ndiyo sababu leo twataka kuutaja kwa jina lake.

Twasema na wachimbaji wa Likasi na Kambove, na wote wanaopeleka mawe yao depo kwa mgongo, kwa baiskeli au kwa pikipiki. Twasema pia na mama zetu wa Kikula, Panda na Shituru, wanaonunua unga wa bukari kwa kopo na makala kwa mfuko. Jambo ni moja: anayeshika kipimo ndiye anayeshika bei.

Tazameni jinsi mawe yanavyonunuliwa. Bei ya mfuko hutoka katika mambo mawili: uzito wake, na kiasi cha madini kilichomo ndani ya mawe. Uzito husemwa na mizani. Kiasi cha madini husemwa na ile mashine ndogo ya mkononi ambayo watu wote huiita Metorex. Mizani ni ya mnunuzi. Metorex ni ya mnunuzi. Anayesoma namba ni mtu wa mnunuzi, na karatasi ya bei iliyobandikwa ukutani imeandikwa na mnunuzi. Mchimbaji ameleta nini mahali pale? Ameleta mawe na jasho, basi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mfuko una kilo 50, na kobalti ndani yake ni asilimia 3. Basi mna kilo moja na nusu ya kobalti. Sasa mizani ikisoma kilo 45, na mashine ikisema asilimia 2, hesabu ya mnunuzi itakuwa gramu 900 tu. Gramu 600 zimetoweka bila mtu kukimbia. Kwa mifuko 10 ni kilo 6 za kobalti. Mizani ilidanganya sehemu moja tu katika kumi, na mashine ikapunguza asilimia moja tu, lakini kwa pamoja zimekula sehemu mbili katika tano za kazi ya mtu. Tena bei ya kila kilo hushuka kadiri asilimia inavyoshuka, kwa hiyo hasara yenyewe ni kubwa zaidi.

Hatusemi kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Mashine yaweza kusema uongo hata mwenyewe asipotaka. Metorex hupiga mwali juu ya jiwe na kusoma mwali unaorudi; husoma ngozi ya juu tu, haioni kilicho ndani. Ukiielekeza kwenye jiwe zuri itasema kingi, ukiielekeza kwenye udongo itasema kidogo. Mawe yakiwa na maji, namba hushuka. Mashine isiyopimwa mara kwa mara kwa unga ambao kiasi chake cha madini kinajulikana, hupotea njia kama saa mbovu. Na mizani ni hivyo hivyo: vumbi, kutu, au sakafu isiyo sawa vyatosha kuiharibu. Lakini twauliza: mbona kosa hili la bahati mbaya huanguka karibu siku zote upande mmoja?

Si sisi peke yetu tunaouliza. Mwezi Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa taarifa juu ya kobalti ya Kongo, likaeleza kwamba wachimbaji wa mikono hawakuwa na njia yao wenyewe ya kuhakikisha uzito wala kiasi cha madini, nao walilazimika kukubali neno la mnunuzi. Dunia nzima ilisoma taarifa ile. Waliizungumza zaidi habari ya watoto migodini, na ilikuwa haki kuizungumza. Lakini habari ya mizani ilipita kimya, na baba anayepunjwa kwenye mizani hukosa karo ya shule, na mtoto wake ndiye anayeshuka shimoni.

Mtasema: serikali iko wapi? Ofisi hazikosi. Iko OCC, ofisi ya udhibiti iliyoanzishwa mwaka 1974, ambayo kazi zake ni pamoja na kukagua bidhaa na kuvipima vyombo vya kupimia. Iko CEEC ya kuthibitisha na kukadiria thamani ya madini. Iko SAEMAPE ya kuwasaidia wachimbaji wadogo. Mwaka 2019 likaundwa shirika la EGC, chini ya Gécamines, lipewe peke yake ununuzi wa kobalti ya wachimbaji wa mikono. Majina ni mengi. Sisi tunachotaka kuona ni kitu kidogo sana: muhuri juu ya mizani, wenye tarehe, na mtu wa serikali aliyekuja na mawe yake ya kupimia akaijaribu mbele ya watu.

Liko pia jambo lingine linalomnyamazisha mchimbaji. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamtaka awe na kadi, awe ndani ya chama cha ushirika, achimbe katika eneo lililotengwa. Lakini maeneo mazuri yako mikononi mwa kompani, na mtu mwenye njaa huchimba anapopata. Wazee wa Likasi wanakumbuka Shinkolobwe: ulifungwa kwa amri ya Rais mwezi Januari 2004, watu wakaendelea kuingia, na mwezi Julai mwaka ule ule udongo ukawaangukia wenzetu na kuwaua. Mtu anayechimba kwa kujificha huuza kwa kujificha. Akipunjwa, ampeleke mnunuzi kwa nani? Mizani mbovu hupenda sana mtu asiye na kadi.

Sasa sikilizeni jinsi wakubwa wanavyofanya wao kwa wao. Kompani kubwa ikiuza shaba au kobalti kwa kompani kubwa nyingine, hakuna anayemwamini mwenzake. Mzigo hupimwa na watu wa pande zote mbili. Unga wa mawe hukaushwa, husagwa, huchanganywa, halafu hugawanywa: fungu moja la muuzaji, fungu moja la mnunuzi, na fungu jingine hufungwa kwa muhuri na kuwekwa. Namba zao zikitofautiana mno, fungu lile la akiba hupelekwa kwa mpimaji wa tatu, naye ndiye mwamuzi. Matajiri hawaoni aibu kufanya hivyo. Basi kwa nini mchimbaji mwenye mifuko mitatu aambiwe, "Niamini tu"? Tajiri asiyemwamini tajiri mwenzake, amtaka maskini amwamini yeye?

Wengine wamekwisha kupita njia hii mbele yetu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakilipwa kwa uzito, na mizani ilikuwa ya bwana. Wakapigania jambo hili, na sheria ya mwaka 1860 ikawapa haki ya kumweka mtu wao kwenye mizani, waliyemchagua na kumlipa wenyewe. Sheria ya mwaka 1887 ikaitia haki hiyo nguvu zaidi. Watu wale wa mizani walijua hesabu na waliaminiwa. Baadhi yao wakawa viongozi wa vyama vya wafanya kazi, hata wakaingia bungeni.

Na karibu na kwetu, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wakulima wa pamba wa Usukuma walilia kilio hiki hiki. Walileta pamba yao, mnunuzi akaweka mizani yake, akasoma namba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walijikusanya, Paul Bomani akiwa mmoja wa viongozi wao, wakaweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani. Kutoka kwenye mizani ile ulikua ushirika. Mwaka 1955 kukawa na muungano wa vyama, Victoria Federation, uliokuwa kati ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika. Bomani baadaye akawa waziri katika serikali ya Tanganyika huru. Hawakuanza na mambo makubwa, walianza kwa kusema, "Twataka kuiona namba sisi wenyewe."

Kwetu je? Baba zetu waliofanya kazi Union Minière walipokea posho na mshahara kwa vipimo vya kompani, na walipogoma kudai zaidi mwezi Desemba 1941, askari waliwapiga risasi. Uhuru wa mwaka 1960 ulituletea bendera yetu. Mizani ilibaki upande ule ule wa meza.

Wanunuzi nao wana maneno yao, na haki yataka tuyasikie. Wanasema wako wachimbaji wanaolowesha mawe kwa maji, wanaotia udongo chini ya mfuko na mawe mazuri juu. Ni kweli, wako, na ni aibu kwetu. Lakini hiyo ni sababu moja zaidi ya kutaka kipimo cha haki. Mizani ya kweli humfichua mchimbaji mdanganyifu kama inavyomfichua mnunuzi mdanganyifu. Anayeiogopa ni yule mwenye la kuficha.

Na sisi wa mjini tusicheke. Kopo la unga lililogongwa kitako likaingia ndani ni Metorex ya sokoni. Wenzetu wa Tanzania wana sheria ya vipimo ya mwaka 1982 na Wakala wa Vipimo tangu mwaka 2002, na hata hivyo wanapigana bado na lumbesa, yaani gunia lililojazwa hadi kupita mdomo wake, ambalo mkulima hulipwa kama gunia moja. Muhuri peke yake hautoshi pasipo macho ya watu.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, kila mahali pa kununua mawe pawe na mizani isiyo mali ya mnunuzi, yenye muhuri na tarehe vinavyoonekana. Pili, pakae mawe ya kupimia ya kilo 20, na mtu yeyote aruhusiwe kuyapandisha kabla ya kuuza. Tatu, kila chama cha ushirika kiweke msomaji wake wa mizani na wa mashine, alipwe na wachimbaji, na asifukuzwe na mnunuzi. Nne, mawe yasagwe na kuchanganywa kabla ya kupimwa, fungu moja libaki kwa mchimbaji, naye apewe karatasi yenye uzito, asilimia na bei. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini msikae kungoja serikali. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, Likasi kama Paris. Weka bidoni tupu juu ya mizani, soma namba. Mimina chupa 20 za lita moja moja, kila moja ikiwa imejazwa mpaka alama yake, soma tena. Pasipozidi kilo 20, au karibu sana na 20, umekwisha kuijua mizani ile. Usipigane. Waite wenzako waone, andikeni siku na mahali, mkapeleke kwa chama chenu, na mifuko yenu mkaipeleke kwingine. Mtu mmoja akikataa kuuza, depo itamcheka. Wachimbaji mia wakikataa siku moja, mizani itapona kabla ya jua kutua.

Hatuombi sadaka. Kilo ni kilo, na iliyo yetu tupewe yote.