Safu ya Uchumi: Kwa nini Kenya ilikwenda peke yake?

Kenya ilitia saini mkataba wa biashara na Uingereza Desemba 2020, na mwingine na Umoja wa Ulaya Desemba 2023. Mbona haikuwangoja wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na forodha yao ni moja?

Jibu limo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni. Katika Jumuiya, Kenya tu haimo. Tanzania, Uganda na wengine huuza Ulaya karibu kila kitu, isipokuwa silaha, bila ushuru, hata wasipotia saini chochote. Kenya bila mkataba hutozwa. Ilionja hali hiyo mwishoni mwa 2014, mazungumzo yalipochelewa na maua yake yakatozwa ushuru.

Tanzania ilikuwa na hoja nzito ya kukataa: mkataba hufungua soko pande zote, na viwanda vichanga vitashindanaje na vya Ujerumani? Tena bidhaa ikishaingia Mombasa bila ushuru, kuizuia Namanga ni kazi.

Majirani wameachiwa nafasi ya kujiunga. Lakini anayekuja baadaye hukuta masharti yameshaandikwa, na siku watakapotoka kwenye orodha ile watauhitaji mkataba. Kwa maoni yangu, heri nchi zote nane zikae meza moja mapema. Mnunuzi mkubwa akikutana na wauzaji mmoja mmoja, bei huipanga yeye.

Nyinyi mwaonaje? Tujadiliane kikaoni.