Kwenye robine hesabu bidoni, usihesabu watu



Juma lililopita nilifika kwenye robine saa kumi na moja ya asubuhi na bidoni mbili za lita 20. Robine zilizokuwa zinatoa maji zilikuwa nne, na kila moja na mstari wake. Mmoja ulikuwa na watu tisa. Mwingine ulikuwa na watu watatu tu. Nikakimbilia huo wa watatu, nikajiona mwenye akili.

Mama mmoja mzee, ameketi juu ya bidoni yake, akanicheka: "Mwanangu, hapo utalala."

Kweli nililala. Wa kwanza mbele yangu alikuwa kijana wa chukudu anayeuza maji, na bidoni 12. Wa pili alikuwa na tano, wa tatu nne. Jumla 21. Na ule mstari wa watu tisa? Walikuwa watoto watupu, kila mmoja na bidoni moja. Waliondoka wote, mimi bado nimesimama.

Tufanye hesabu pamoja. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada hufuata, kinahesabu kwamba robine inatoa lita 7 na nusu kwa dakika. Kwa hiyo bidoni ya lita 20 inahitaji karibu dakika 3. Bidoni 9 ni chini ya nusu saa. Bidoni 21 ni karibu saa nzima. Na robine zetu nyingi hazina nguvu hiyo. Basi siku nyingine kabla ya kuchagua mstari, angalia vitu viwili: bidoni ngapi ziko mbele, na maji yanatoka kwa nguvu gani. Idadi ya watu itakudanganya.

Lakini hata ukihesabu vizuri, mara nyingi utaona mstari wa jirani unaenda mbio kuliko wako. Si bahati mbaya wala uchawi. Mistari ikiwa minne, wako ni mmoja na mingine ni mitatu. Siku nyingi mmoja kati ya hiyo mitatu utakupita.

Ndiyo maana mimi nasema: tuache kuchagua. Tufanye mstari mmoja tu kwa robine zote. Aliye mbele anaenda kwenye robine iliyo wazi, anayefuata anangoja nyingine. Hapo robine dhaifu haimfungi mtu mmoja, na mwenye bidoni 12 hawafungi watu walio nyuma yake peke yao. Tuongeze sheria moja: hadi saa mbili ya asubuhi, kila mtu bidoni mbili, kisha arudi nyuma ya mstari. Baada ya hapo, kijana wa chukudu ajaze anavyotaka. Simlaumu, yeye pia anatafuta chakula cha watoto, na wazee wasioweza kubeba wanamtegemea.

Wengine watasema: mstari mmoja hauongezi maji. Ni kweli, hauongezi hata tone. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba na kupitisha mabomba ni kazi ngumu, na robine ni chache. Kitabu hichohicho kinasema mtu asingoje maji zaidi ya dakika 30. Sisi tuko mbali na hapo, na wenye kazi ya maji wasijifiche nyuma ya mstari wetu mzuri. Lakini kugawana kile kidogo tulicho nacho ni kazi yetu wenyewe.

Na anayeumia ni nani? Tangu kambi kama Bulengo na Lushagala zilipobaki tupu mwanzoni mwa 2025, jamaa nyingi ziko manyumbani mwa watu. Binti wa jamaa hiyo anakuja na bidoni moja, hajui mtu, hana yaya wa kumshikia nafasi. Anasukumwa hadi nyuma. Anachelewa masomo, au anachoka, anashuka kuchota ziwani. Na Goma tunajua maji machafu yanaleta nini. Kipindupindu cha mwezi wa saba 1994 wazee wetu hawajakisahau, na mpaka leo ugonjwa huo unaturudia.

Mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi, na ninyi mama mnaolinda robine: jaribuni juma moja tu. Panga bidoni katika mstari mmoja, kila mtu aandike alama yake kwenye bidoni, akae chini angoje. Asiyejulikana na mtu naye atachota kwa zamu yake.