Usiitupe sufuria iliyotoboka

Mpenzi msomaji, ukimaliza chai yako leo, hebu zunguka nyuma ya jikoni utazame kilicholala huko. Bila shaka utakuta sufuria iliyotoboka, beseni lililopasuka, ndoo isiyo na mkono na gunia kuukuu. Hivyo unavyoviita takataka ni shamba, tena shamba lako mwenyewe.

Nasema hivi nikiwafikiria kina mama wa Bumula, kule Bungoma. Katika boma nyingi miwa imepandwa hadi karibu na ukuta wa jikoni. Miwa huchukua miezi 18 hivi kukomaa, na muda huo wote watoto wanataka mboga kila jioni. Basi mama aliyezungukwa na kijani kibichi pande zote hufungua kitambaa chake, akatoa shilingi na kwenda sokoni Kimaeti kununua sukuma wiki. Shamba ni la mzee, na mzee amekwisha kuamua ni la miwa. Lakini ni mzee gani atakayegombania sufuria iliyotoboka?

Tuanze na sufuria, beseni au ndoo. Chukua msumari na nyundo, utoboe matundu kama sita chini ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Tandika vipande vya matofali, kisha ujaze udongo: sehemu mbili za udongo mzuri na sehemu moja ya samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi itaunguza miche. Kiweke chombo juu ya matofali mawili ili matundu yapumue.

Sukuma wiki na saga zina mizizi mirefu, kwa hivyo zipe ndoo. Beseni la kina kifupi litafaa dania, vitunguu vya majani au murere.

Gunia nalo hubeba mboga nyingi zaidi. Tafuta gorogoro lililozeeka, ulikate chini liwe wazi pande zote mbili. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, na ujaze udongo kulizunguka. Kisha livute juu polepole, uongeze kokoto na udongo tena, hadi gunia lifike kiunoni. Utabaki na nguzo ya kokoto katikati, ambayo itapeleka maji hadi chini. Toboa ubavuni kwa kisu, upande miche kwa kupishanisha, na mingine juu.

Maji yasikutishe. Yale uliyooshea mboga au kusuuzia vyombo bila sabuni yanatosha, asubuhi na jioni. Januari na Februari jua likiwa kali, sogeza vyombo vya bati kwenye kivuli cha migomba, maana bati hupata moto na kupika mizizi.

Sasa nisikilize vizuri. Si kila chombo kikuukuu kinafaa. Mtungi uliobeba dawa ya kunyunyizia mimea au ya kuogeshea ng'ombe usiupandie mboga kamwe, hata ukiuosha mara kumi. Plastiki hunywa sumu, na sabuni haiitoi yote. Ganda la betri ya gari lina risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Mikebe ya rangi nayo iache. Kama hujui chombo kilibeba nini, usikitumie. Itakuwa hasara gani kuokoa shilingi za mboga, kisha uwapakulie watoto sumu kwenye sahani?

Tena usiache maji yatuame ndani ya magurudumu makuukuu au kwenye visahani chini ya vyombo. Hapo ndipo mbu hutaga, na malaria tunaijua sote.

Sukuma wiki ikitunzwa, baada ya wiki sita hivi tangu kuhamisha miche utaanza kuchuma. Chuma majani ya chini, uache kiini cha juu, nayo itakulisha kwa miezi mingi. Ukianza na vyombo vitano tu, siku utakayokosa shilingi utanyoosha mkono mlangoni, na ugali hautakosa mwenzake.

Haya, mama, inuka ukatafute msumari. Tukutane Jumapili ijayo.