Tuzo Ifuate Kazi

Juma lililopita nilikuwa nimeketi barazani, hapa Mombasa, na mpwa wangu akanionyesha katika simu yake jinsi vijana wa siku hizi wanavyotafuta pesa kwa kujitangaza moja kwa moja mtandaoni, au "laivu" kama wanavyosema wenyewe. Msichana mmoja alikuwa akiimba kwa sauti tamu, nao watazamaji wakimrushia mawaridi ya kuchorwa ambayo baadaye hugeuka pesa. Nikacheka. "Mjomba, wacheka nini?" akaniuliza. Nikamjibu, "Hayo si mageni kwetu. Huko ni kutuza."

Ye yote aliyehudhuria taarabu katika harusi za pwani anajua nisemalo. Mwimbaji afikapo ubeti unaomgusa mtu, mtu huyo huinuka, akaenda kwa madaha mpaka mbele, akampa noti hadharani. Hapana aliyeona kwamba mwimbaji ameomba. Fundi amefanya kazi, naye analipwa. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wazee wenzangu wanaodai kwamba pesa za simu ni pesa za uvivu. Kijana anayeimba, anayefundisha upishi au anayesimulia hadithi kwa ufasaha anastahili tuzo yake. Hata Serikali imekwisha kuitambua kazi ya mtandaoni, kwani Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliitoza kodi ya asilimia 5.

Lakini tulipoendelea kutazama, kicheko kilinikauka. Tulimwona kijana mzima, mwenye nguvu zake, ambaye haimbi wala hasemi la maana. Kazi yake ilikuwa moja tu: "Gongeni skrini jamani, nitumieni waridi!" Kisha wakaja wawili wanaoshindana katika kile kiitwacho vita, kila mmoja akiwahimiza watu wake wamwage zawadi ili asishindwe. Hapo mpwa wangu akainamisha kichwa. Akaniambia kwamba usiku mmoja alimaliza pesa zake za kodi ya nyumba katika vita kama hivyo, kumtetea mtu asiyemjua wala asiyejua jina lake.

Mashindano nayo tunayajua. Zama za ukoloni, vyama vya beni vya Kingi na Scotchi vilishindana papa hapa Mombasa kwa mavazi, gwaride na karamu, kwa gharama kubwa. Hata hivyo, karamu ile ililiwa na jirani, na mshonaji wa mavazi alikuwa wa mtaani. Waridi la simu halina jirani. Katika TikTok, mathalani, mtazamaji hununua sarafu kwa pesa halisi. Waridi ni sarafu moja, na simba ni karibu sarafu 30,000. Zawadi ikimfikia mtangazaji hugeuzwa kuwa almasi, naye hulipwa baada ya kampuni kukata fungu lake. Mwaka wa 2022, BBC walifanya jaribio kwa kutuma zawadi za dola 106 kwa akaunti ya Syria. Mwenye akaunti alipata dola 33. Kampuni ilikana kwamba fungu lake hufika asilimia 70, lakini haikutaja ni kiasi gani.

Basi nina maneno matatu. Kwenu vijana: tafuteni ufundi kwanza, ndipo mfungue kamera. Aliyezoea kunyosha mkono husahau kuutumia. Kwenu watuzaji: mpeni aliyewagusa moyo, tena kutokana na ziada ya mfuko, si kutokana na kodi wala karo. Na akiwa ni wa hapa kwetu, mtumieni kwa M-Pesa ili jasho lake limfikie. Kwenu wazazi: TikTok yenyewe ilitangaza mwaka wa 2022 kwamba anayejitangaza moja kwa moja sharti awe ametimiza miaka 18. Mwanafunzi anayeonekana humo usiku wa manane amedanganya umri wake, na wa kumwuliza ni sisi kabla ya mtu mwingine.

Kutuza ni mila yetu nzuri, nami singependa ife. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tukiwatuza wasiofanya kazi, kesho tutakosa waimbaji, tubaki na waombaji watupu.