Askari na Daftari la Ukoo Wake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo husemwa zaidi kwa wafanyabiashara, lakini leo twalielekeza kwa askari na polisi wetu, hasa wenye jamaa zao Kinama, kaskazini ya jiji la Bujumbura. Kila askari anaijua kwa moyo namba ya bunduki aliyokabidhiwa. Je, anajua vilipo vyeti vya watoto wake?

Katika Burundi swali hili ni zito kuliko katika nchi nyingi. Kwa desturi yetu mtoto harithi jina la babaye. Baba aweza kuitwa Ndayizeye, mwanawe wa kwanza Niyonzima na wa pili Nduwimana. Majina hayo yanamtaja Mungu, lakini hakuna hata moja linaloonyesha kwamba watu hao watatu ni wa nyumba moja. Nao Waislamu waitwao kwa majina ya baba zao hawakusalimika: karani mmoja huandika Selemani, wa pili Sulemani, wa tatu Souleymane. Kwa hiyo karatasi ndiyo uzi wa pekee umwunganishao mtoto na mzazi wake mbele ya ofisi.

Uzi huo umekatika mara nyingi. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatawanya wakazi wa Kinama na Kamenge, wengine hata Kongo na Tanzania, na nyumba zao zikaharibiwa pamoja na vilivyokuwamo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari haukuwa wa kusimuliwa na wazee tu. Ulikuwa wa juzi, mwaka 2014, mafuriko yalipoikumba mitaa ya kaskazini na kuwaua watu zaidi ya 60. Kilichookolewa na moto kikachukuliwa na maji.

Tangu mwisho wa mwaka 2007 Burundi ilipeleka vijana wake kulinda amani Somalia, na wako ambao hawakurudi. Haki ya marehemu hudaiwa na warithi waliothibitika, wala si kwa machozi. Mjane asiye na cheti cha ndoa, na yatima ambaye jina la babaye limeandikwa namna mbili, huzungushwa kutoka meza hadi meza.

Wako wasemao kwamba kuandika warithi ni kujiitia mauti. Hao tunawauliza: je, kuvaa kofia ya chuma ni kuiita risasi? Wengine husema kazi hiyo ni ya mke. Lakini mke hawezi kuyajua majina ya babu za mumewe asiyeyataja.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila mtu wa nyumba awe na bahasha yake: cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, nakala ya karangamuntu, vyeti vya shule. Hati za kiwanja na shamba ziwe na bahasha ya peke yake. Juu ya kila bahasha iandikwe orodha ya vilivyomo, na zote zitiwe katika mfuko wa nailoni, mahali pa juu pasipofikiwa na maji.

Kisha liwepo daftari moja la ukoo. Anza na wewe, panda kwa baba na mama, kisha kwa babu na bibi wa pande zote mbili. Andika jina kwa kila namna lilivyopata kuandikwa, mlima wa asili, na mwaka wa kuzaliwa. Usipoujua mwaka, andika "yapata 1955", na utaje aliyekupa habari hiyo. Ukiona kosa katika cheti, usilisahihishe kwa kalamu yako. Nenda ofisi iliyokitoa.

Mwisho, piga picha kila karatasi kwa simu, mchana, pande zote mbili. Kila picha ipewe jina la mtu, aina ya cheti na mwaka, isije ikapotea kati ya picha za harusi. Nakala moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine, kwani nakala iliyo nyumba moja na asili yake itazama nayo. Lakini picha si cheti, asili itunzwe.

Neno moja la tahadhari. Nchini Rwanda, mwaka 1994, vitambulisho vilivyotaja kabila vilisomwa vizuizini ili kuchagua nani afe. Askari asimamaye kizuizini akumbuke kwamba nasaba huandikwa ili mtu apate haki yake, wala si ili abaguliwe.

Basi, ndugu askari na polisi, likizo ijayo isipite bure. Kaa na wazee wangali hai, uwaulize, uandike. Mwenye kuilinda nchi asiiache nyumba yake bila ushahidi.